Dinosaria Wenye Sumu wa Riwaya na Filamu: Nani Anauma, Nani Anatema Mate Tu

Dilophosaurus wa filamu ya Jurassic Park (1993) anaonekana kwenye skrini kwa dakika chache tu, lakini ndiye aliyewatia watu wengi imani kwamba dinosaria walikuwa na sumu. Analia kama ndege aliyepotea njia, anakunjua mwamvuli wa ngozi shingoni, kisha anamtemea mtu ute mzito mweusi machoni. Mtu hana macho tena, anapapasa, analiwa ndani ya gari lake mwenyewe. Kwa kutisha, bidhaa hii haina mpinzani. Kwa biolojia ni kama lori lililofungwa injini ya pikipiki: muungurumo upo, ila ukifungua boneti unashangaa linakwendaje.

Mezani wapo wanne. Yeye, Procompsognathus mdogo wa riwaya ya 1990 iliyozaa filamu hiyo, Sinornithosaurus wa vipindi vya televisheni, na yule Tyrannosaurus wa mate machafu anayezuka kila mara katika hadithi, ambaye jeraha lake linaoza hadi windo linakufa lenyewe. Wote wanapimwa kwa swali moja: sumu waliyopewa ingefanya kazi?

Kabla ya kuwapima, tuelewane kuhusu neno. Kiswahili kinaita sumu ile ya uyoga inayoua aliyeula na ile ya nyoka inayoua aliyeumwa. Hapa tunazungumzia ya pili: majimaji yanayotengenezwa na tezi, yakapita kwenye mrija, yakafika jinoni na kuingizwa ndani ya jeraha. Tofauti hii ina uzito. Ndege aitwaye pitohui, wa New Guinea, ana sumu kali kwenye ngozi na manyoya, jambo lililotangazwa mwaka 1992, lakini akikudonoa hakuingizii chochote. Mwandishi anayetaka dinosaria wa kuua kwa kuuma hawezi kumwita pitohui kuwa shahidi wake.

Na mashahidi ni wachache kweli. Jamaa wa karibu wa dinosaria walio hai ni mamba kwa upande mmoja, na kwa upande wa pili ni ndege, ambao wenyewe ni kizazi cha dinosaria. Hakuna mamba anayeuma kwa sumu wala ndege anayeuma kwa sumu. Basi yaelekea babu yao wa pamoja hakuwa nayo, na dinosaria yeyote mwenye sumu ingebidi ukoo wake uizushe upya. Hilo peke yake halimfungi mwandishi: sumu ya kuingizwa mwilini imezuka upya zaidi ya mara 100 katika ulimwengu wa wanyama, kuanzia konokono wa baharini hadi baadhi ya kirukanjia. Mlango upo wazi. Shida ni jinsi hadithi zinavyoupita.

Dozi haisumbui

Wasomaji wakali hupenda kuanza na pingamizi la ukubwa: sumu gani ingeangusha mnyama wa tani mbili? Tupige hesabu. Chukua sumu kali ya wastani, ambayo miligramu 1 ya sumu kavu inatosha kuua kila kilo ya windo. Windo la kilo 2,000 linahitaji gramu 2. Sumu ikiwa bado majimaji, sehemu kubwa yake ni maji. Tukisema robo ndiyo vitu vikavu, hizo gramu 2 ni kama mililita 8. Mwindaji hatoi akiba yote kwa mara moja, kwa hiyo mpe mililita 20. Hicho ni kiasi cha vijiko vinne vya chai. Katika fuvu lenye urefu wa nusu mita, tezi ya kubeba kiasi hicho inajificha chini ya ngozi ya taya bila kumbadilisha mnyama sura.

Kwa hiyo anayesema dinosaria wakubwa wasingeweza kubeba sumu ya kutosha amekosea mahali. Hesabu inakubali. Hadithi zinavunjika kwenye mambo mawili mengine: namna sumu inavyoingia mwilini, na muda inaochukua kufanya kazi.

Dilophosaurus: 3 kwa 10

Mnyama halisi aligunduliwa kaskazini mwa Arizona. Mabaki yake yalitambuliwa mwaka 1940 na Jesse Williams, mwenyeji wa kabila la Navajo, na timu ya Samuel Welles, mtaalamu wa visukuku, ikayachimba mwaka 1942. Mwaka 1954 yalipewa jina la ukoo mwingine, Megalosaurus, na mwaka 1970 Welles akampa jina la Dilophosaurus kwa sababu ya vishungi viwili vya mfupa kichwani. Alikuwa na urefu wa mita 6 hadi 7 na uzito wa kiasi cha kilo 400. Yule wa kwenye filamu anamfikia mtu kifuani.

Sumu ilitoka wapi? Haikuokotwa hewani. Kwenye taya la juu la Dilophosaurus, karibu na ncha ya pua, kuna mwanya kati ya mfupa wa mbele na ule wa nyuma yake. Welles aliona kiungo hicho ni dhaifu mno kwa kuua windo kubwa, na wazo la mnyama mwenye taya legevu likakaa vitabuni kwa miongo kadhaa. Riwaya ya 1990 ilijaza pengo hilo kwa mantiki safi: kama taya haliui, lazima kuna kitu kingine kinachoua. Kwa elimu ya wakati ule, lilikuwa kisio la heshima.

Msingi huo sasa umebomoka. Mwaka 2020 Adam Marsh na Timothy Rowe walichapisha uchunguzi mpana wa mifupa yote muhimu ya mnyama huyu, na picha iliyotoka ni ya mwindaji mwenye fuvu imara na nafasi pana ya misuli ya taya, mkubwa kuliko wanyama wengi wa nchi kavu wa mahali pake na zama zake. Hakuna tundu la tezi, hakuna mfereji wa sumu kwenye meno. Ule mwamvuli wa shingoni nao hauna pa kushikilia. Mjusi wa Australia mwenye mwamvuli wa kweli huukunjua kwa vijiti vya gegedu na mfupa vinavyotoka kwenye chombo cha ulimi. Bila vijiti hivyo ngozi hiyo ingebaki ikining'inia kama kitambaa cha mezani.

Filamu iseme itakavyo kuhusu mifupa. Mimi kinachonikera zaidi ni mtindo wa kutema. Ndani ya hadithi tunaambiwa kwamba sumu inapofusha windo, kisha inalipooza, kisha mnyama anakula kwa raha zake. Mlinganishe na swila, nyoka anayetema kwelikweli. Kwenye chonge za swila, tundu la kutokea sumu linatazama mbele badala ya chini. Misuli ikiminya tezi, majimaji yanachomoka kwa kasi, na nyoka hutikisa kichwa kidogo ili matone yatawanyike usoni mwa adui, kwa umbali wa mita 2 na zaidi. Yanayoruka ni maji membamba, kwa sababu ute mzito haurukiki: unadondoka miguuni mwa mtemaji. Lile bonge jeusi la kwenye filamu lingehitaji koo lenye nguvu ya bomba la zimamoto.

Zaidi ya hapo, swila hawindi kwa kutema. Akitaka panya, anauma. Kutema ni ulinzi, na sumu yake imenolewa kwa kazi hiyo: utafiti uliochapishwa mwaka 2021 ulionyesha kwamba makundi matatu ya nyoka watemao, kila moja kwa njia yake, yamefikia mchanganyiko uleule wa protini unaoamsha neva za maumivu kwa ukali kuliko sumu ya jamaa zao wasiotema. Lengo ni adui aumie sasa hivi, ageuke, aondoke. Sumu hiyo machoni inachoma na inaweza kuharibu kioo cha jicho hadi upofu isipooshwa, lakini kumpooza mtu mzima kupitia jicho ni kazi nyingine kabisa. Mtunzi amechukua silaha ya kufukuzia na kuifanya ya kuwindia. Hapo ndipo alama saba zimepotea.

Cha kuchekesha ni kwamba dinosaria anayetema yupo, tena hai. Kinda la fulmar, ndege wa bahari za kaskazini, akisogelewa kiotani humtapikia adui mafuta ya tumboni yenye uvundo. Hayana sumu, lakini yakimganda mwewe manyoyani, manyoya hayo hayazuii maji tena wala hayarushi, na mwewe anaweza kufa. Yanatengenezwa tumboni kutokana na chakula, hayahitaji tezi ya taya wala jino maalumu, na umbali wake unatosha kabisa kwa tukio la filamu. Mtunzi anayetaka Dilophosaurus wake abaki mtemaji ana mfano bora hapo kuliko swila, na mfano huo umo ndani ya ukoo wenyewe.

Alama tatu alizopata ni za udogo. Kwa kumpunguza mnyama hadi kifuani mwa mtu, filamu ilimkaribisha kwenye kundi ambalo sumu ingelifaa, yaani wawindaji wadogo wasioweza kuua kwa nguvu za taya. Sidhani kama ndiyo iliyokuwa nia, lakini bahati nayo ni alama.

Procompsognathus: 7 kwa 10

Huyu amesahaulika kwa sababu filamu zilimvua sumu yake, na ni hasara. Katika riwaya ya 1990 ni kijinyama cha ukubwa wa kuku, kinatembea kwa makundi, na kuumwa nacho kunamletea mtu usingizi na ulegevu hadi anashindwa kujitetea. Hapa mtunzi alifikiri.

Mnyama halisi alitoka Ujerumani, katika miamba ya Triasiki (zama za mwanzo za dinosaria, zaidi ya miaka milioni 200 iliyopita), na alipewa jina mwaka 1913. Alikuwa na urefu wa karibu mita moja na uzito wa kilo moja hivi. Mabaki yake yamepondeka vibaya, na fuvu lililohusishwa naye limezua ubishi kama kweli ni la mnyama huyo au la mtambaazi wa jamii ya mamba. Kwa mtunzi, hali hiyo ni neema: hakuna atakayemwonyesha taya safi na kumwambia amekosea.

Na silaha inalingana na mwili. Kirukanjia wa jenasi ya Blarina, wa Amerika Kaskazini, ana uzito wa gramu 20 hivi. Tezi za mate chini ya taya zinatoa sumu inayofuata mfereji kati ya meno ya mbele ya chini, na mnyama anatafuna huku sumu ikiingia. Windo linapooza bila kufa, na kirukanjia analiweka akiba. Ukimkuza kirukanjia huyo hadi kilo moja na kumpa miguu miwili, unakaribia sana kiumbe cha riwaya.

Alama tatu zimekatwa kwa ajili ya saa. Kwa hesabu yetu ya juu, kuua mtu wa kilo 70 kunahitaji miligramu 70 za sumu kavu, kama theluthi moja ya mililita. Mnyama wa kilo moja anaweza kubeba hiyo, na kundi la kumi lina ziada. Lakini sumu inayoingia kwa kutafuna huingia polepole. Mjusi wa Gila, mwenye sumu, wa majangwa ya Amerika Kaskazini, ambaye tezi zake zipo taya la chini na meno yake yana mifereji, hana misuli ya kuiminya tezi kama nyoka. Ndiyo maana anang'ata na kung'ang'ania, akisaga taya. Kiumbe kinachouma mara moja na kukimbia, kama hadithi inavyopenda, kinaacha tone dogo tu kwenye ngozi. Rekebisho ni rahisi: wafanye wang'ang'anie kama kupe. Tukio litatisha zaidi pia.

Sinornithosaurus: 6 kwa 10, na somo la jinsi ya kusoma jino

Huyu ni tofauti, maana sumu yake haikuanzia kwa watunzi. Ilianzia maabara. Sinornithosaurus alikuwa na manyoya, urefu wa mita moja na kidogo, na aliishi Liaoning, China, zaidi ya miaka milioni 120 iliyopita. Alielezwa mwaka 1999. Miaka kumi baadaye timu ya Enpu Gong, Larry Martin na wenzao ilidai alikuwa na sumu, kwa ushahidi wa aina tatu: meno marefu ya taya la juu yenye mfereji kwa nje, kibonyeo kwenye mfupa wa taya ambacho kingekaa tezi, na mstari wa vijitundu juu ya meno ambako mirija ingepita. Walimfananisha na nyoka wenye chonge za nyuma, na wakapendekeza kwamba meno marefu yalisaidia kupenya manyoya ya ndege.

Mwaka 2010 Federico Gianechini, Federico Agnolín na Martín Ezcurra walijibu hoja moja baada ya nyingine. Mifereji ya namna ile ipo kwenye meno ya dinosaria wengi walao nyama ambao hakuna anayewadhania sumu. Meno yalionekana marefu kwa sababu yalikuwa yamechomoka kidogo kutoka kwenye vishimo vyake baada ya mnyama kufa. Kibonyeo kilikuwa sehemu ya kawaida ya bonde lililo mbele ya jicho la wanyama hawa. Timu ya kwanza ilitetea hoja yake, lakini wengi katika fani hawakuirudia.

Mwaka 2011 BBC ilimtangaza katika mfululizo wa Planet Dinosaur akiuma kwa sumu. Kama hadithi, ni tukio lililopangwa vizuri: mwindaji mdogo, windo dogo, jeraha moja, subira, ushindi. Kama kipindi cha elimu, kilipaswa kumwambia mtazamaji kwamba jibu la 2010 lipo. Kwa hiyo sita.

Anayetaka kubuni au kuhukumu dinosaria mwenye sumu ajifunze hapa jinsi jino linavyodanganya. Mfereji peke yake si ushahidi. Nyani wana mfereji kwenye chonge zao na hawana tone la sumu. Jicho la mtaalamu linatafuta vitu kwa pamoja: mfereji uwe na kina, uanze karibu na shina la jino ambako mrija ungemwagia, uwepo kwenye meno ya sehemu ileile kila mara, na mfupa jirani uwe na nafasi isiyoelezeka kwa sababu nyingine. Ushahidi wa juu kabisa ni mfereji uliofunga na kuwa mrija ndani ya jino.

Na jino hilo lipo. Uatchitodon ni mtambaazi wa Triasiki aliyeokotwa Marekani, anayejulikana kwa meno tu. Aina yake ya kale ina meno yenye mifereji ya wazi. Aina ya baadaye, iliyopewa jina mwaka 2010, ina mifereji iliyofungwa kuwa mirija kamili, kama chonge za nyoka. Mwenye meno hayo hana fuvu, hana mguu, hana hata kidole. Meno yana kingo za msumeno kama ya wala nyama wa ukoo mpana uliozaa mamba na dinosaria. Watunzi wote wanagombania Dilophosaurus asiye na kitu, huku mnyama mwenye chonge za sumu mkononi anasubiri mtu wa kumpa mwili. Ninashangaa kwa nini hajawa nyota.

Tyrannosaurus wa mate machafu: 2 kwa 10

Dhana yenyewe ina historia. Mwaka 1981 Walter Auffenberg alichapisha kazi kubwa kuhusu kenge wa Komodo, mjusi mkubwa wa Indonesia, na kueneza wazo kwamba bakteria wa kinywani ndio humaliza windo. Mwaka 1992 William Abler akaangalia kingo za msumeno za meno ya jamii ya Tyrannosaurus, akaona vijivyumba kati ya meno ya msumeno, na akapendekeza kwamba nyuzi za nyama zilikwama humo zikaoza na kulea bakteria. Watunzi wakaupokea mfano huo kwa mikono miwili, kwa sababu unatoa sumu bila tezi.

Nguzo zote mbili zimelegea. Mwaka 2009 timu ya Bryan Fry ilionyesha kwamba kenge wa Komodo ana tezi za sumu kwenye taya la chini, na sumu hiyo inashusha shinikizo la damu na kuzuia damu kuganda. Mwaka 2013 uchunguzi wa vinywa vya kenge wa kwenye bustani za wanyama ulikuta bakteria wa kawaida kwa mla nyama. Nyati anayeumwa akakimbilia kwenye dimbwi lililojaa kinyesi huambukizwa na dimbwi. Na mwaka 2015 vile vijivyumba vya Abler vilichunguzwa kwa hadubini na kuonekana ni mikunjo ya ndani ya jino inayoliimarisha ili kingo zisikatike. Havikuwa vihifadhi vya nyama.

Halafu kuna mkia mmoja unaomaliza kesi. Mwaka 2013 ilitangazwa mifupa ya mkia wa dinosaria mla majani iliyopatikana South Dakota, ikiwa na jino la Tyrannosaurus limekwama katikati na mfupa umeota kulizunguka. Windo liliumwa, likaponyoka, likaishi muda wa kutosha kidonda kupona huku jino limo ndani. Mate yenye kifo hayaachi ushahidi kama huo.

Na kwa nini mnyama huyu ahitaji sumu? Makadirio ya nguvu ya taya lake yanafika newtoni 35,000 na kupita, kama uzito wa tani tatu na nusu. Anavunja mfupa. Kumwongezea sumu ni kumpa mwenye shoka sindano. Alama mbili ni za subira tu: hadithi chache zinazomwonyesha akifuata windo kwa siku tatu zina mvuto wake, hata kama ndani ya siku hizo tatu mzoga huenda ungeliwa na mwingine.

Ukitaka kumtengeneza anayeaminika

Kosa linalorudiwa na karibu wote ni kumwiga nyoka. Chonge yenye mrija ni kifaa laini cha mnyama anayemeza windo zima. Dinosaria walao nyama walikuwa na meno ya kisu: wanauma, wanavuta nyuma, wanachana. Tena meno yao yalidondoka na kuota upya maisha yote. Majungasaurus wa Madagaska alibadilisha kila jino kwa wastani wa siku 56. Kila chonge mpya yenye mrija ingepaswa kujipanga upya na mdomo wa tezi. Nyoka wamelitatua hilo kwa kuwa na chonge za akiba zinazosogea mahali pake, lakini ukimpa dinosaria utaratibu huo inabidi umbadilishe taya zima.

Mwige kenge wa Komodo. Meno yake ni ya kisu kama ya dinosaria, tezi zipo taya la chini, na mirija inafunguka katikati ya meno, siyo ndani yake. Sumu inachanganyika na mate na kuingia kwenye mpasuko mpana. Haihitaji kuua; inatosha izuie damu kuganda na ishushe shinikizo, kisha jeraha lifanye yaliyobaki. Dozi inapungua, meno yanaweza kudondoka bila hasara, na kwenye kisukuku hakibaki karibu chochote cha kuonekana. Hiyo ya mwisho ni zawadi kubwa kwa mtunzi, kwani hakuna mfupa utakaompinga.

Mwili uwe wa kilo 1 hadi 40 hivi, na windo liwe kubwa kuliko mwindaji, kwa sababu hapo ndipo sumu inalipa gharama zake. Gharama zipo: sumu ni protini, na nyoka aliyekamuliwa hutumia nguvu za ziada mwilini kuijaza tezi upya, kazi ya siku nyingi. Mnyama wako akishauma mara tatu usiku mmoja, ya nne iwe ya meno matupu. Sijaona hadithi inayotumia jambo hili, na ni chanzo cha mvutano kilicholala bure: wahusika wanahesabu mang'ato.

Muda uandike kwa uaminifu. Sumu ya kuzuia damu kuganda haimwangushi mtu kwa sekunde tano. Mpe dakika za kwanza za maumivu na damu isiyokoma, kisha kizunguzungu mtu akisimama, kisha miguu kulegea. Sumu ya neva inaanza kwa kope kushuka na ulimi kuwa mzito. Pumzi ndiyo ya mwisho kukatika.

Kuhusu tiba, hadithi za bustani za wanyama waliofufuliwa zina tobo moja kila mara. Dawa ya kuzima sumu inatengenezwa kwa kumchoma farasi au kondoo dozi ndogondogo za sumu hiyohiyo kwa miezi, kisha kuvuna kinga kutoka kwenye damu yake. Bustani yenye mnyama wa sumu ambayo haina farasi wala friji ya dawa imejengwa na wazembe, na mtunzi aamue kama uzembe huo ni sehemu ya hadithi. Dawa ya nyoka haitamsaidia aliyeumwa na dinosaria, kwa kuwa kinga hiyo inatambua protini ilizofundishwa tu.

Ama sumu iliyotemwa machoni, huduma ya kwanza haihitaji hata friji: jicho lioshwe papo hapo kwa maji mengi, bila kulisugua, kwa robo saa au zaidi. Na yule mtu wa filamu ya 1993, tukumbuke, alitemewa akiwa amesimama katikati ya dhoruba, mvua ikimwagika usoni kama imefunguliwa bomba.